Kazi ya Kani Isiyotulia

Katika fizikia, kazi hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimesogea kufuata upande wa kani hiyo. Kani ya nyutoni 50 ikisogeza sanduku mita 4, kazi ni jouli 200. Hesabu hiyo ina sharti moja: kani isibadilike njiani. Kani za namna hiyo, kusema kweli, hupatikana zaidi vitabuni.

Ndoo ya maji yenye kilo 10 inavutwa polepole kutoka kisima cha mita 30, kwa kamba yenye gramu 200 kila mita. Ndoo ikiwa chini, mvutaji anabeba na kamba yote, kilo 6 zaidi; kwa kuwa kila kilo ina uzito wa nyutoni 9.8, anahitaji nyutoni 156.8. Ndoo ikifika juu zinabaki 98. Kuzidisha kani ya mwanzo kwa mita 30 kunatoa jouli 4,704. Ya mwisho, 2,940. Majibu yote mawili si sahihi.

Dawa ni kuikata safari vipande vidogo mno. Ndani ya sentimita moja kani haibadiliki kiasi cha kutajika, kwa hiyo kuzidisha kunafaa. Kisha kazi za vipande vyote hujumlishwa, na kadiri vipande vinavyopungua urefu ndivyo kosa linavyotoweka. Kujumlisha huko hadi kikomo ndiyo intigrali, ambayo alama yake, ∫, ilibuniwa na mwanahisabati Leibniz mwaka 1675. Kwenye grafu ya kani na umbali, ni eneo lililo chini ya mstari.

Kamba iliyobaki kisimani ikiwa mita x, kani ni 9.8(10 + 0.2x). Intigrali yake ni 9.8(10x + 0.1x²), na x ikitoka 0 hadi 30 kazi inakuwa jouli 3,822. Wastani wa kani mbili za mwanzo na mwisho, nyutoni 127.4, ungetoa jibu lilelile, lakini ni kwa sababu tu grafu hii ni mstari ulionyooka.

Kwa uvutano wa Dunia njia hiyo ya mkato, ya kutumia wastani, haina msaada. Umbali kutoka kitovu cha Dunia ukiwa maradufu, kani hubaki robo. Kilo 1 ikipandishwa kutoka ardhini hadi kimo cha kilomita 6,371, sawa na nusukipenyo cha Dunia, kani hushuka kutoka nyutoni 9.8 hadi 2.45. Wastani ungedai jouli milioni 39. Intigrali inatoa milioni 31.2, kwa kuwa kani hupungua haraka mwanzoni, baadaye polepole. La ajabu zaidi, hata kilo hiyo ikipelekwa mbali bila mwisho, kazi haivuki jouli milioni 62.4. Kutokana na kiasi hicho hupatikana mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde, ambao kitu kinachorushwa kutoka ardhini kinauhitaji ili kisirudi, ukinzani wa hewa ukiwekwa kando.