Kamba za Liemba kutoka waya mbovu wa taa

Kamba hukatikia pembamba, lakini mfano wa meli huharibikia kwenye kamba nene.

Mzazi wa ughaibuni anayetaka mwanawe aijue MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kusafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, anaweza kuiunda kwa mbao na kadibodi. Meli hiyo ina urefu wa mita 71 hivi. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, mfano wake unakuwa sentimita 71, na kamba ya chuma ya milimita 30 ya kufungia meli gatini inatakiwa iwe milimita 0.3 tu. Uzi wa kushonea una manyoya, tena ni mwepesi mno: ukiutundika, haulegei kama kamba nzito.

Dawa yake ni waya mbovu wa taa, uliokwisha chomolewa kwenye umeme. Vua ganda la plastiki. Ndani mna nyuzi za shaba. Chukua tatu, funga ncha za upande mmoja kwenye msumari na za upande wa pili kwenye keekee, kisha sokota polepole huku ukizivuta. Unene huwa mara mbili na kidogo ya uzi mmoja, hivyo nyuzi za milimita 0.15 zinatosha. Ifunge kamba, ipinde kwa kidole ilegee katikati, mwisho ipake rangi nyeusi isiyong'aa.

Gharama yake ni karibu na bure. Na mtoto akiuliza kamba ile inafungwa wapi, hapo ndipo utakapomsimulia Kigoma.