Kompyuta Haijui Skrini Zako Zimekaa Upande Gani

Skrini ya pili humfaa sana mtu anayesoma huku na kuandika kule: mhasibu mwenye risiti na jedwali, au mfasiri mwenye matini mbili. Hata hivyo, wengi huikatia tamaa mapema kwa sababu kishale hugota ukingoni au dirisha huibukia upande wasioutarajia. Skrini si mbovu. Waya huiarifu kompyuta aina ya skrini na idadi ya nukta zake, lakini hauiambii kama imewekwa kushoto au kulia. Hilo utaiambia wewe.

Anzia nyuma ya kompyuta. Ikiwa ina kadi ya picha ya pekee, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo. Mashine nyingi huzima matundu ya picha ya ubao mama kadi inapokuwepo, na hapo ndipo skrini moja hubaki nyeusi.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua kupanua, si kunakili. Halafu bofya kulia mahali patupu, ufungue mipangilio ya skrini. Utaona visanduku vyenye namba. Kuna kitufe cha utambuzi kinachoonyesha namba hizo kwenye skrini zenyewe. Buruta visanduku vikae kama skrini zilivyokaa mezani, kwa maana kwa kawaida kishale huvuka pale kingo zao zinapogusana.

Kimo nacho kina mtego wake, kwa kuwa kompyuta hupima kwa nukta, si kwa sentimita. Skrini ya zamani ya inchi 19 yenye nukta 1280 kwa 1024, na skrini pana ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, zote zina kimo cha takriban sentimita 30. Kwa kompyuta, ya pili imeizidi ya kwanza nukta 56. Ukilinganisha kingo za juu, kishale kinaweza kugota chini. Ukilinganisha za chini, kinaweza kugota juu. Weka kisanduku kidogo katikati ya kimo cha kikubwa, tofauti igawanyike nukta 28 kila upande.

Kisha teua skrini kuu, na hiyo ndiyo uiweke mbele ya uso wako, umbali wa takriban urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Ya pili ikae ubavuni, imekugeukia kidogo. Ukizitumia kwa kiasi sawa, zikutanishe mbele yako, kwani shingo iliyogeuzwa upande mmoja kutwa nzima huuma.

Mwisho, pitisha kishale mpakani juu, kati na chini. Kikigota popote, rudi kwenye visanduku kabla ya kuanza kazi.