Land Rover ya chini ya mwembe: Ifufuliwe au ipimwe kwa kilo?

UKITOKA njia panda ya Chalinze kuelekea Lugoba na Msata, si ajabu kukuta Land Rover 109 imeegeshwa chini ya mwembe, matairi hayana upepo na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia ataitengeneza akishauza ufuta. Mnunuzi wa chuma chakavu naye hachoki kupita kuulizia bei.

Je, gari hilo linalipa kufufuliwa? Wengi hukimbilia kufungua boneti na kuitazama injini, lakini injini ni kitu cha kununua. Jibu liko kwenye chesisi na kwenye kadi.

Land Rover zilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Toleo la Series III, lile lenye grili ya plastiki, lilitoka kati ya 1971 na 1985, na nyingine ziliunganishwa jirani hapa Thika, Kenya. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa hiyo hailiwi na kutu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma yenye umbo la boksi. Tope na maji huingia humo na kuilia ndani kwa ndani, huku nje ikionekana nzima.

Gari lililofanya kazi Bagamoyo au Saadani, likibeba samaki na chumvi, lichunguzwe mara mbili. Pale aluminiamu inapokutana na chuma, chumvi huila aluminiamu yenyewe. Ukiona unga mweupe kwenye maungio, ujue kazi imeshaanza.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini. Gonga mhimili wa nyuma, vishikio vya springi na mikono inayobeba bodi. Mlio mkali ni dalili njema. Ukisikia sauti butu, chokoa kwa bisibisi. Usisahau ukuta unaotenganisha injini na dereva, hasa pale miguu inapokanyaga, kwani nao ni wa chuma. Jihadhari pia na bati jipya lililochomelewa juu ya kutu na kupakwa lami.

Kisha safisha kishikio cha springi ya mbele kulia na usome namba ya chesisi. Ilingane na kadi. Kama jina kwenye kadi si la anayekuuzia, malizaneni kwanza TRA kabla ya kufungua hata nati moja. Na fundi asikate kipande chenye namba hiyo, hata kiwe kimechakaa vipi.

Kazi yenyewe huanzia chini kwenda juu. Bodi hufunguliwa kwa bolti, kila kipande kikiwekewa alama. Chesisi husuguliwa, huchomelewa na kupakwa dawa ya kutu ndani na nje. Hufuata ekseli, springi na breki, ambazo kwenye 109 ni za ngoma magurudumu yote manne. Ndipo injini, waya za umeme na mwisho kabisa rangi. Wanaoanza na rangi hufanya hivyo ili wauze.

Kuchomelea aluminiamu si kazi ya fundi wa madirisha aliye jirani. Inataka mashine ya gesi ya agoni, na praima ya kawaida haishiki vizuri juu yake. Omba ile ya aluminiamu.

Injini ya dizeli ya gari hili ina sentimita za ujazo 2,286. Zilizotengenezwa kabla ya 1980 zina beringi kuu tatu kwenye krenki, za baadaye tano. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kutafuta spea, nenda na ile ya zamani mkononi.

Wengine hufunga dizeli ya Kijapani. Kwa mkulima wa Kiwangwa anayetaka kutoa mananasi shambani kufika lami wakati wa masika, hilo si kosa, mradi namba mpya ya injini iandikishwe. Lakini mwenye nia ya kuuza kwa wapenzi wa magari ya kale atajipunja. Marekani, wanaofufua magari ya misuli kama Pontiac GTO ya 1964 hulipa zaidi kwa gari lenye injini yake ya kiwandani. Huku kwetu pia wapenzi wapo: Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha.

Hatari kubwa ni fedha kuishia njiani. Gari lililofumuliwa na kuachwa kwenye viroba lina thamani ndogo kuliko lilivyokuwa chini ya mwembe. Patana na fundi kwa hatua, lipa hatua iliyokamilika, na usiruhusu bodi ivuliwe kabla hujawa na fedha ya kumaliza chesisi.

Kama chesisi imekwisha na kadi haipo, achana nayo. Hata hivyo, usiiuze nzima kwa kilo. Toa giaboksi, difu na ekseli uziuze kama spea, kisha mabati ya bodi yapimwe peke yake, maana kilo ya aluminiamu ina bei kuliko ya chuma.