Je, Wajua? Elimu ya Bure Kitale na Bungoma, na Wanaoilipia

Je, wajua kwamba Serikali ya Kenya humtengea kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma shilingi 1,420 kwa mwaka? Zigawe kwa miezi 12, utapata kama shilingi 118 kwa mwezi. Huo ndio mgao ambao walimu wakuu, kuanzia Lwakhakha hadi Endebess, huuita kapitesheni.

Mtoto huyo akipanda sekondari msingi hutengewa shilingi 15,042. Akifika shule ya upili, 22,244. Na tangu Januari 2023, gredi ya saba, darasa la kwanza la sekondari msingi, husomea katika kiwanja kilekile cha shule ya msingi. Wa gredi ya sita na wa gredi ya saba husimama paredi moja, hunywa maji ya bomba moja na hurudi nyumbani kwa njia moja, lakini katika bajeti mmoja anamshinda mwenzake zaidi ya mara kumi. Ni kweli kwamba sekondari msingi inahitaji maabara na walimu wa masomo maalumu. Hata hivyo, kusoma na kuhesabu hufunzwa gredi za chini, na asiyejua kusoma akifika gredi ya saba hataokolewa na maabara.

Tufanye hesabu ya shule moja. Shule ya watoto 600 inapaswa kupata shilingi 852,000 kwa mwaka. Hapo zitoke chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, kioo cha dirisha kilichovunjika, dawati lililong'oka miguu, nauli ya timu ya mpira na mshahara wa mlinzi. Tuseme mlinzi wa usiku analipwa 8,000 kwa mwezi: yeye peke yake ni 96,000. Vyoo vikijaa katikati ya mvua za Aprili, mwalimu mkuu huanza kutafuta fundi atakayekubali kufanya kazi kwa mkopo.

Mishahara ya walimu haimo katika hesabu hiyo. Hulipwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka wa 1967. Vitabu navyo shule haivinunui. Tangu 2018 Serikali huvinunua yenyewe na kuvileta shuleni.

Utaratibu unasema nusu ya kapitesheni ije muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na 20 wa tatu. Mara nyingi pesa huchelewa, lakini watoto hufika siku ya kufungua.

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuwa darasani na asihesabiwe? Mfumo wa kusajili wanafunzi, NEMIS, ulioanza 2017, ulidai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na pesa zilifuata majina yaliyosajiliwa. Katika maeneo ya mpakani kama Lwakhakha na Malakisi, na katika nyumba za vibarua wa mashamba ya Trans Nzoia, wako watoto wengi wasio na cheti. Hao walitumia chaki iliyonunuliwa kwa pesa za wenzao.

Kiwanja kimoja, mifuko mitatu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa magavana elimu ya chekechea na kuiacha shule ya msingi mikononi mwa Serikali Kuu. Kwa hiyo mwalimu wa PP2 huajiriwa na kaunti, na wa gredi ya kwanza, upande wa pili wa ukuta, huajiriwa na TSC. Darasa lenyewe huenda limejengwa na hazina ya eneobunge, NG-CDF, ambayo sheria inaipa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya Serikali Kuu. Bungoma ina maeneobunge 9 na Trans Nzoia 5, hivyo ni hazina 14 kwa kaunti hizo mbili. Paa likivuja, mzazi ajue kwanza darasa ni la nani.

Nani hujaza pengo? Mzazi. TSC isipoleta walimu wa kutosha, halmashauri ya shule huajiri wake, wale tunaowaita walimu wa BOM, na wazazi huchanga mshahara. Chakula cha mchana nacho mara nyingi huanza na gorogoro ya mahindi na ya maharagwe kutoka nyumbani, pamoja na kuni. Mwezi wa Juni, mahindi ya Trans Nzoia yakiwa bado shambani na ghala tupu, gorogoro hiyo huuma kuliko karo.

Na ahadi ya elimu ya msingi bila malipo ni ya zamani: ilikuwamo katika manifesto ya chama cha KANU ya mwaka 1963.

Je, wajua kwamba elimu hiyo imetangazwa kuwa ya bure zaidi ya mara moja? Sikukuu ya Jamhuri 1973, Mzee Jomo Kenyatta alifuta karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Januari iliyofuata, wanafunzi wa darasa la kwanza walitoka takriban 380,000 hadi takriban 960,000 nchi nzima. Madarasa hayakuwepo, shule zikaanza kudai pesa za ujenzi, na wengi waliokuja wakaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Moi akaziondoa pesa hizo na kuleta Maziwa ya Nyayo. Mwaka wa 1988 ukaja mpango wa kugawana gharama, na mzazi akarudishiwa mzigo.

Kisha 2003. Serikali ya NARC ya Mwai Kibaki ilifuta karo Januari, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Mgao ulikuwa shilingi 1,020: 650 za vitabu na vifaa, 370 za matumizi mengine. Makamu wa Rais siku hizo alikuwa Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti, mtu wa Kitale. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Waliojiandikisha darasa la kwanza Januari ile walifanya KCPE mwaka wa 2010.

Jirani yetu Eldoret naye alipata umaarufu. Mwaka wa 2004 Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo akiwa na umri wa miaka 84.

Katika kufuta karo, Uganda ilikuwa imeitangulia Kenya mwaka wa 1997, na Malawi ilizitangulia zote mbili mwaka wa 1994.

Sasa jambo ambalo kila mzazi wa Bungoma angepaswa kulijua. Baada ya 2003 madarasa yalipofurika, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za msingi 210 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias. Shule 140 zilipewa pesa za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa mkataba. Wastani wa darasa ulishuka kutoka watoto 82 hadi 44. Ungetarajia alama zipande kwa wote. Hazikupanda vya kutosha kwa waliobaki na walimu wa Serikali, kwa sababu baadhi ya walimu hao walilegea walipopata msaidizi. Zilipanda kwa waliofundishwa na walimu wa mkataba, ambao hawakukosa kufika kazini ovyo. Tena takriban thuluthi moja ya nafasi hizo za mkataba zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwepo. Lakini pale ambapo wazazi wa kamati walifunzwa kumsimamia mwalimu na kufuatilia ajira yake, ulegevu ule ulipungua na upendeleo wa jamaa ukapungua pia. Mwaka wa 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kremer aliwahi kufundisha Kakamega akiwa kijana.

Utafiti mwingine, wa Busia, uligundua kuwa vitabu vya kiada viliwasaidia hasa watoto waliokuwa tayari mbele. Vilikuwa vya Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma. Nadhani pesa ikipita bila mtu wa kuifuatilia hadi kwenye dawati, hufika nusu.

Je, wajua haki zako? Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya mafunzo katika shule ya umma. Michango mingine huruhusiwa tu kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata hapo mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa. Kila mchango ni lazima utolewe risiti rasmi. Kifungu cha 35 cha Katiba nacho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Basi, mzazi mwenzangu wa Kiminini, Webuye, Kapsokwony au Kwanza, mkutano wa wazazi ukiitishwa muhula huu, nenda. Uliza muhula uliopita ziliingia shilingi ngapi, zilifanya nini, na mwalimu wa BOM aliajiriwa vipi. Ukitoa mchango, hata wa gorogoro moja, dai risiti.