Kabla ya Kununua Ponti, Toboa Sakafu

Kwa miaka mingi nilitengeneza magari ya majirani kwenye parseli yangu hapa Mavivi nikiwa nimelala chali: kriki juu ya ubao, magogo mawili chini ya chasi, na sala fupi. Siku moja baada ya mvua ubao ulizama kwenye udongo, Land Cruiser ikaniinamia taratibu. Magogo yalishika. Nilitoka nikitambaa, na jioni hiyo hiyo nikaanza kuhesabu pesa za ponti, yaani mashine ya kuinua gari.

Kwanza nilifikiria shimo. Shimo halidai umeme. Lakini mvua za kwetu hulijaza maji, na mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa, hutuama humo anamopumulia fundi. Cheche moja inatosha.

Ponti ya nguzo nne hubeba gari kwa magurudumu yake. Imetulia, ila ukitaka kufungua gurudumu utahitaji kriki nyingine juu yake. Ya nguzo mbili hushika gari kwa mikono minne, magurudumu yakabaki yananing'inia. Kazi yangu kubwa ni breki na springi, maana barabara zetu huanza kwa kuvunja hizo. Nikachagua ya nguzo mbili, yenye uwezo wa kubeba tani 4. Land Cruiser tupu hupita tani 2.

Fundi masoni niliyemwita hakutaka hata kuona picha ya mashine. Alishika patasi na nyundo, akatoboa sakafu ya garaji yangu. "Yaya, hii ni sentimita 6. Chini yake udongo mtupu." Gari likiwa juu, uzito ukiegemea mbele au nyuma, nguzo hutaka kuinama na bolti huvutwa zing'oke. Tukavunja, tukamwaga betoni yenye nondo, unene wa sentimita 30, tukaimwagilia maji na kungoja siku 28.

Tukapima na kimo. Gari la mita 1.9 likipandishwa mita 1.8 linataka karibu mita 4; paa langu lilikuwa mita 3. Mabati yakashuka, nguzo za mbao zikarefushwa. Halafu umeme: mota ya kilowati 2.2 inapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa ya hiyo, na jenereta yangu ndogo ilizimika palepale. Ikabidi nitafute kubwa zaidi.

Leo kila gari nalipandisha kwanza sentimita 20, nalitikisa kwa mikono. Likitulia, naendelea, nikisikiliza vyuma vya usalama vikilia ka, ka, ka ndani ya nguzo. Kisha nalishusha kidogo likae juu ya vyuma hivyo. Chini ya gari linaloshikwa na shinikizo la mafuta ya mashine peke yake siingii.

Ndugu msomaji, muuzaji atakuonyesha mashine. Sakafu hataiuliza. Itoboe mwenyewe, uipime, ndipo utoe pesa.