Paka mgeni nyumbani: umwite nani?

Wengi wanapopata paka mpya huchagua jina linalowapendeza wao wenyewe. Lakini je, paka hulitambua?

Utafiti ulioongozwa na Atsuko Saito wa Japan, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hulitambua. Paka walisikilizishwa maneno manne yenye urefu sawa na jina lao, kisha jina lenyewe. Wengi waliokwisha kuyazoea na kuyapuuza maneno hayo walisogeza masikio au kichwa waliposikia jina.

Hata hivyo, paka waliofugwa pamoja katika mkahawa, ambamo wateja huja kucheza nao, hawakutofautisha majina yao na ya wenzao. Watafiti wanakisia kwamba huko mgeni huweza kumwita mmoja akambembeleza mwingine.

Kwa hiyo, chagua jina fupi lisilofanana na la mwingine nyumbani: mtoto akiitwa Shani, paka asiitwe Shanga. Litamke unapompa chakula, wala usilitumie kumkaripia. Siku akijificha uvunguni mwa gari la jirani, huenda jina hilo ndilo litakalomtoa.