Chanjo Kabla ya Kikohozi

Mnazi Mmoja na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni mitaa yenye Waislamu wengi, na mbwa hafugwi ndani ya nyumba. Mbwa wenye wenyewe ni zaidi wa lindo: usiku wanalinda maghala na maduka, asubuhi wanarudishwa bandani kwa wenzao. Banda hilo la pamoja ndilo linalokipa nguvu kikohozi cha mbwa, kile kikavu kinachomkaba mnyama hadi akaonekana kama anataka kutapika. Virusi kadhaa huchangia, ila bakteria anayeongoza ni Bordetella bronchiseptica, ndugu wa karibu wa yule wa kifaduro, ambacho watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Bakteria huyu wa mbwa hujishikiza kwenye vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa na kuvizuia visifanye kazi, na hapo vijidudu vingine hupata mwanya wa kushuka mapafuni. Mbwa huanza kukohoa siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa, na akishapona anaweza kuendelea kuambukiza wenzake kwa wiki nyingi.

Ndiyo maana nasema mbwa wa mabandani wachanjwe mapema, badala ya kusubiri wakohoe ndipo mtu akimbilie duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki bila cheti. Kikohozi chepesi kwa kawaida huisha chenyewe katika muda wa wiki mbili hivi, na dawa nyingi za jamii ya penisilini hazifui dafu mbele ya bakteria huyu. Kuzitumia ovyo ni kuzalisha usugu utakaotugeukia sisi wenyewe. Chanjo ya matone ya puani hujenga kinga palepale anapoingilia adui, kwa dozi moja, ndani ya siku chache. Ile ya sindano huhitaji dozi mbili, zikipishana wiki 2 hadi 4. Zote hurudiwa kila mwaka.

Wapo wanaosema mbwa aliyechanjwa naye hukohoa. Ni kweli, lakini hukohoa kidogo, na sababu inaeleweka: kikohozi kina visababishi vingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 hata wataalamu walichanganya: walidhani bakteria huyu ndiye chanzo cha distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa unaoleta kikohozi, mpaka utafiti wa Laidlaw na Dunkin huko Uingereza, miaka ya 1920, ulipothibitisha kwamba distempa ni ya virusi. Virusi hivyo ndivyo vilivyoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Kwa hiyo mbwa anayekohoa huku ana homa, hataki kula, na macho yanatoka usaha, asidhaniwe ana mafua tu.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kichaa cha mbwa huua watu, na mwenye uwezo wa chanjo moja tu achague hiyo bila kusita; mbwa mmoja anayeishi peke yake uani anaweza kusubiri ya kikohozi. Lakini kampuni inayolipwa kwa kazi ya mbwa haina udhuru huo, hasa kwa kuwa bakteria huyu, ingawa ni nadra, huweza kumwambukiza binadamu mwenye kinga dhaifu, na anayewahudumia mbwa hao kila siku ni mfanyakazi wake. Enyi wenye mabanda, msimwingize mbwa mpya kwa wenzake siku ileile mliyomnunua. Mtengeni, kisha mwiteni daktari wa mifugo ampime na kumchanja.